Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Msingi, Manispaa ya Moshi: muziki usiwe wa mgeni rasmi tu

Ndugu Afisa Elimu,

Salaam. Nakuandikia nikiwa mzazi mwenye mtoto katika shule ya msingi ya serikali hapa Moshi, na pia mwalimu wa kwaya. Nina ombi moja: muziki ufundishwe kwa kila mtoto darasani, usibaki wa wachache wanaochaguliwa kuimba mbele ya wageni.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta somo la Sanaa na Michezo kuanzia Darasa la Tatu. Nilifurahi sana. Lakini katika shule ninazozifahamu, kipindi hicho ndicho cha kwanza kuliwa. Mwalimu akibanwa na Hisabati anakichukua, na majaribio yakikaribia hakuna anayekiulizia. Kisha inaletwa taarifa kwamba mgeni rasmi anakuja, au UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, imefika, na hapo muziki unakuwa jambo la dharura. Wanachaguliwa watoto 30 hivi wenye sauti nzuri, wanakaririshwa nyimbo mbili, wanatafutiwa sare. Wengine wanaambiwa wanyamaze wasije wakaharibu. Mtoto wa miaka tisa akishaambiwa hivyo, anaamini maisha yake yote kwamba hana sauti.

Na mara nyingi si kweli. Nimewafundisha watoto wa aina hiyo. Mwalimu wa kiume anapotoa wimbo kwa sauti yake, yuko chini sana kuliko koo la mtoto. Baadhi ya watoto wanajua kuupandisha wenyewe, wengine wanajaribu kumfuata kulekule chini na kinachotoka ni mkoromo. Mwite msichana mmoja autoe wimbo huohuo, au upige kwa filimbi, halafu uwasikilize tena. Yule "asiye na sauti" anaipata, pengine si siku hiyohiyo, lakini anaipata. Hilo ni jambo la ufundi tu, na mwalimu anaweza kulijifunza kwa muda mfupi akipata wa kumwonyesha.

Ukitaka kuona hasara yake, simama mstarini asubuhi. Kiranja anaanzisha wimbo wa taifa juu mno, na kabla ubeti haujaisha nusu ya shule imenyamaza huku nusu nyingine ikipiga kelele. Mahadhi ya wimbo ule yalitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini aliyekuwa pia akiongoza kwaya. Ni kazi ya mwalimu wa shule. Watoto wetu wanastahili kufundishwa namna ya kuuanzisha, wapi pa kuvuta pumzi, na sauti ya pili inapita wapi.

Najua utaniuliza vifaa viko wapi. Ndugu, sol-fa, yaani kuimba sauti kwa majina yake *do*, *re*, *mi*, haihitaji kinanda. Inahitaji ubao, chaki na mkono wa mwalimu: ngumi usawa wa kiuno ndiyo *do*, kiganja kinapanda hatua kwa hatua hadi *do* ya juu usawa wa paji la uso. Darasa la watoto 70 linaweza kuimba kwa kuufuata mkono huo, na hawachoki. Mapigo wanayajifunza kwa makofi. Kayamba linatengenezwa kwa matete na mbegu. Na wapo watoto wa Kimaasai madarasani mwetu ambao nyumbani kwao kiongozi anatoa wimbo na kundi zima linamwitikia bila hata ngoma. Wao wapewe nafasi ya kuwafundisha wenzao.

Pengo kubwa ni walimu. Hata hapo hatuanzi na mikono mitupu. Mji huu una walimu wa kwaya karibu kila usharika na parokia, una vikundi vya tarumbeta, una walimu wa kasida kwenye madrasa. Ukipita barabara ya Arusha, pale Usa River, kipo Chuo Kikuu cha Makumira kinachofundisha muziki hadi shahada. Naomba ofisi yako iwaandikie wanachuo wale waje kufanya mafunzo kwa vitendo katika shule zetu, na kila shule iteue mwalimu mmoja wa kukaa nao wakati wa likizo. Naomba pia wathibiti ubora wanapopita waombwe kukagua kipindi hiki kama wanavyokagua Kiswahili: waangalie daftari, wasikilize darasa zima, si kwaya iliyoandaliwa.

Simlaumu mwalimu mwenye madarasa matatu na rundo la daftari za kusahihisha. Yeye anafuata kile anachoulizwa na wakubwa wake. Wewe ukianza kuuliza kuhusu muziki, wakuu wa shule watauliza, na kipindi kitarudi.

Mimi nipo tayari kuanza hata wiki ijayo, bila malipo, katika shule yoyote utakayonipangia, mchana baada ya vipindi. Nitakuja na filimbi yangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi na mwalimu wa kwaya, Moshi