Kilemba na upanga havitoshi kuitwa historia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie neno linalotumika ovyo kwenye kurasa za burudani: "kihistoria". Siku hizi tamthilia yoyote yenye kilemba, upanga na jumba la mawe hupewa jina hilo. Lakini maleba hayatoshi kuitenganisha tamthilia ya kihistoria na ile ya mfululizo usiokwisha. Ukitaka kuzitofautisha, uliza mhusika anakufa kwa sababu gani.

Chukua Downton Abbey ya Uingereza, vipindi 52 kuanzia 2010 hadi 2015. Inaanza Aprili 1912 kwa habari za kuzama kwa Titanic, na msimu wa kwanza unaishia Agosti 1914 vita vinapotangazwa. Tarehe hizo mwandishi hana ruhusa ya kuzisogeza. Ila Matthew Crawley, aliyenusurika vitani, anakufa kwa ajali ya gari siku ileile anayozaliwa mwanawe, kwa kuwa mwigizaji wake, Dan Stevens, hakutaka kuendelea na mkataba. Kifo hicho kimeamuliwa na mkataba, si na historia. Tamthilia za kila siku zinaishi hivyo: mwigizaji akiondoka, mhusika hupata ajali, husafiri mbali, au hurudi na sura nyingine.

Sura nyingine tuliiona kwenye Muhteşem Yüzyıl ya Uturuki (2011 hadi 2014, vipindi 139). Meryem Uzerli alipoondoka 2013, nafasi ya Hürrem, mke wa Sultani Suleiman wa dola ya Ottoman, akaichukua Vahide Perçin. Hata hivyo, humohumo yumo Mustafa. Sultani Suleiman aliamuru mwanawe huyo anyongwe 1553, karibu na Ereğli, na hata watazamaji wangempenda vipi, mwandishi asingeweza kumwokoa. Anaingia hemani mwa baba yake, na wanaomsubiri ndani ni wanyongaji. Anayeijua historia anaanza kuumia vipindi vingi kabla ya hapo, na maumivu hayo ndiyo yanayoifanya sehemu ile kuwa ya kihistoria kwelikweli.

Kinachoharibu zaidi ni mkasi. Kipindi cha Kituruki hutungwa ili kirushwe mara moja kwa wiki, na mara nyingi huzidi saa moja na nusu. Kikiuzwa nje hukatwa vipande viwili au vitatu vya dakika 45 hivi ili kirushwe kila siku. Mwandishi aliweka kilele kimoja mwishoni. Mkataji sasa anahitaji vilele vitatu. Basi anakata katikati ya mazungumzo, palipo na jicho lililokodolewa na muziki unaopanda. Ugomvi wa wake unabebeshwa mwisho wa kila siku, na baraza la mawaziri lililochukua dakika kumi linagawanywa mpaka halieleweki lilikuwa likijadili nini. Tamthilia iliyotungwa nusu historia, nusu ugomvi wa nyumbani, inatufikia ikiwa imeegemea wivu na fitina.

Sisemi mchanganyiko huo ni kosa. Watu wa kale nao waliona wivu. Ila wapo vijana wanaomjua Suleiman kwa tamthilia tu, hawajawahi kusoma kwamba alitawala miaka 46. Ninaviomba vituo vinavyotia sauti ya Kiswahili viandike mwanzoni mwa kila kipande mwaka wa matukio, na majina ya wahusika waliobuniwa. Wakati wa kukata, wafuate mwisho wa onyesho hata kama kipande kitakuwa cha dakika 38 leo na 50 kesho. Nanyi wahariri, kabla ya kuandika "ya kihistoria", mtazame walau vipindi vitatu.

Mtazamaji wa tamthilia,
Dar es Salaam