Umeniuliza nashindaje nyumbani

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na ahsante kwa barua yako ndefu. Nimecheka nilipofika pale ulipoandika kwamba umeshajipangia ratiba ya kustaafu: saa 2 hadi saa 4 bustani, saa 4 hadi saa 6 kusoma, mchana kushona, jioni matembezi. Bibi wee, hiyo ni ofisi umeihamishia sebuleni. Umebakiza kununua daftari la mahudhurio.

Swali lako lenyewe, hata hivyo, halikunichekesha. Umeuliza, "Hivi unashindaje nyumbani kutwa?" na ndani yake nimesikia hofu ninayoijua. Sitakuficha: miezi ya mwanzo ni mizito. Macho yanafumbuka saa ile ile ya kazini, mwili uko tayari, na hakuna pa kuukimbiza. Simu ikilia, ni mtu anataka umshikie mtoto au ukampangie foleni mahali, kwa sababu "wewe si upo tu". Kazi za nyumba haziishi, kwa hiyo si kwamba utakosa cha kufanya. Kinachouma ni kwamba hakuna tena anayekingoja ulichofanya. Basi mimi raha yangu nimeipata hapo hapo panapouma. Nafanya vitu ambavyo hakuna anayevingoja wala kuvikagua, na vikichelewa, vimechelewa.

Nianze na bustani, maana ndiyo inayonitoa kitandani. Usifikirie shamba. Ni kipande kidogo nyuma ya nyumba pamoja na vyungu kadhaa barazani. Asubuhi, kabla sijanywa chochote, naizunguka mikono nyuma nikitazama tu. Kisha namwagilia, na maji nayaelekeza chini kwenye shina, kwa sababu majani yakilala na unyevu ukungu huyaingia upesi. Nikimwagilia asubuhi, hata yale yaliyorushiwa maji yana mchana mzima wa kukauka. Juu ya udongo natandaza majani makavu, jua lisiunywe unyevu wote kabla mizizi haijapata chake.

Kipenzi changu kwa sasa ni maboga, na maboga yana vituko. Hutoa kwanza maua ya kiume, mengi, ya njano, na asiyejua hufurahi, kisha hulalamika kwamba yote yamepukutika bila tunda. Ya kike huja baadaye. Utayatambua kwa kiboga kidogo kilichokaa chini ya ua hata kabla halijafunguka. Ua hilo hufunguka alfajiri, na adhuhuri limeshasinyaa, kwa hiyo nafasi ni ya asubuhi moja tu. Nyuki wakiwa wachache natoka mapema, nachuma ua la kiume, nalivua petali, halafu chavua yake naipaka katikati ya lile la kike. Kazi yenyewe haifiki dakika 1. Baada ya siku chache kiboga kikianza kunenepa, mambo yamejibu. Kikigeuka njano na kulainika, basi tena, unangoja ua jingine. Mimi niliyezoea kuongoza vikao vya watu wazima, siku hizi nashangilia peke yangu uani kwa sababu boga limenenepa.

Halafu kuna lundo la mboji. Nikianza kulisimulia hilo, wajukuu hutoroka, lakini wewe umefungwa na barua, huna pa kwenda. Changanya vitu vikavu, kama majani makavu na maboksi yaliyochanwachanwa, na vitu vibichi, kama maganda na nyasi zilizokatwa. Vikavu viwe vingi zaidi. Nyunyiza maji kiasi, ligeuze mara kwa mara lipate hewa, uwaachie vijidudu kazi. Lundo kubwa lililochanganywa vizuri hupata joto katikati hadi nyuzi 55, 60, hata zaidi. Ukilifunua asubuhi yenye baridi linatoa mvuke. Likinuka, limekosa hewa au limezidi ubichi, liongezee vikavu. Likikaa tu bila kuoza, basi limekauka au limekosa vibichi. Hakuna cha ajabu zaidi ya hapo, lakini siku utakapochota ule udongo mweusi usionuka chochote ila harufu ya mvua, utaniandikia mwenyewe.

Na maharage yakimaliza kuzaa usiyang'oe yote. Kata mashina, uiache mizizi ardhini. Ng'oa mche mmoja tu kwa udadisi kabla haujakauka, uone vinundu kwenye mizizi yake. Pasua kimoja: kama ndani ni chekundu-waridi, bakteria waliomo bado walikuwa kazini, wakichukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Nilifundishwa hayo darasani nikiwa msichana, nikayakariri, nikafaulu mtihani, na sikuwahi kukiona kinundu kwa macho yangu mpaka nilipokuwa na nafasi ya kuchuchumaa bila haraka. Kuchuchumaa nako si sana. Magoti yetu tunayajua. Tafuta kigoda cha chini, na palizi uifanye udongo ukiwa na unyevu, magugu yatoke na mizizi yake bila kuvutana.

Mchana ni wa mikono. Zile gauni na blauzi zangu za kazini unazikumbuka? Sikuzigawa zote. Zile za pamba nimezikata miraba na sasa nashona blanketi la viraka. Usisikie viraka ukadhani ni kazi ya ovyo. Mkunjo wa mshono, yaani ile sehemu inayobaki ndani, unatakiwa uwe milimita 6 kila mahali. Ukizidisha milimita 1 tu, kila mshono unameza milimita 2 zaidi, kwa sababu vipande viwili vyote vimeliwa. Mstari wenye mishono 20 utafupika kwa sentimita 4, na hautakutana na mwenzake hata uuvute vipi. Ndiyo maana kitambaa kipya lazima kifuliwe na kupigwa pasi kabla ya mkasi, kwani pamba hurudi ikionja maji mara ya kwanza. Pasi nayo igandamize na kuinua. Ukiitelezesha huku na huko, mraba unavutika na kuwa kitu kisicho na jina.

Raha yenyewe, lakini, iko kwenye kupanga. Natandaza vipande sakafuni, nasimama juu yake, nahamisha cha buluu, nakirudisha, naketi, nainuka, nakihamisha tena. Mchana mzima unaweza kwisha hivyo bila mshono hata mmoja. Kazini ningeandikiwa barua ya kujieleza. Lile gauni la kijivu nililokuwa nalivaa siku za vikao vizito sasa limewekwa katikati ya mauamaua, na limependeza kuliko lilivyowahi kunipendeza mimi.

Jua likishatua ni kufuma. Ukitaka kujifunza, anza na uzi mnene wa rangi ya kung'aa. Uzi mweusi hutaviona vitanzi vyake usiku hata uwashe taa zote za nyumba. Kabla ya kuanza nguo, fuma kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 10, uhesabu vitanzi vyake, maana mkono wa kila mtu una mvuto wake, na hesabu ya kwenye maelezo ni ya mkono wa aliyeyaandika. Watu wanaruka hatua hii kwa uvivu, kisha wanafuma sweta inayomtosha jirani. Uzuri wa kufuma ni kwamba hakuna kinachopotea. Ukiona hupendi, unavuta, na uzi unarudi wote. Sufu tu ndiyo yenye masharti: usiifue kwa maji ya moto huku ukiisugua, kwa sababu nyuzi zake zina magamba madogo yanayong'ang'aniana, na yakishashikana hayaachani tena. Kila nusu saa hivi weka sindano chini, nyoosha vidole na vifundo vya mkono. Hili usilidharau, umri wetu haudanganywi.

Sasa kusoma. Umesema huna tena subira ya vitabu, unasoma kurasa chache unasinzia. Kabla hujaulaumu ubongo, angalia taa. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, ndiyo sababu tunaisogeza karatasi mbali kana kwamba tumegombana nayo. Na kadiri miaka inavyosonga, mboni haitanuki tena gizani kama zamani na mwanga unaofika ndani hupungua. Mtu wa miaka 60 anahitaji mwanga mwingi kuliko wa miaka 20 kwa kusoma ukurasa ule ule. Taa ya darini haitoshi. Weka ya kusimama nyuma ya bega, imulike kitabu na si uso, na ukapimwe macho upate miwani iliyo yako, badala ya hiyo ya kuazimana na mwenye nyumba.

Kuna jingine, na hili taa haiwezi kulitatua. Wewe na mimi tumesoma maisha yetu yote tukiwa na kalamu mkononi. Kila karatasi iliyotufikia ilitaka jibu, au saini, au itafutwe makosa. Jicho lililozoeshwa hivyo linaisoma riwaya kama faili. Kilichonisaidia ni kurudia vitabu nilivyovisoma ujanani. Mwisho naujua, kwa hiyo hakuna cha kukimbilia, na ninabaki kuangalia wanavyozungumza, chumba kilivyo, mvua inavyoanza kunyesha. Mama mkali niliyemchukia nikiwa na miaka 20 sasa namwelewa kabisa, na yule kijana jasiri niliyempenda naona alihitaji tu mtu wa kumkalisha chini. Kitabu kisichoninogea nakiacha katikati, sikiagi.

Mashairi nayasoma kwa sauti, nikiwa peke yangu, na hapa nina mchezo ambao sijamwambia mtu. Shairi la tarbia, unalijua, mishororo minne kwa ubeti, na kwa kawaida mizani 16 kwa mshororo, nane na nane. Nina skafu yenye upana wa vitanzi 16. Nachukua shairi ninalolijua kwa moyo, na kila mizani naipa kitanzi chake: nikifika kina cha kati niko katikati ya safu, nikifika kina cha mwisho nageuza sindano. Safu nne, ubeti. Mshairi akipunguza mizani, skafu inamuumbua. Mtu akichungulia dirishani ataona bibi anasema peke yake huku mikono inacheza, na aende akasimulie anavyotaka.

Nikuonye jambo moja. Ukianza tu kuonyesha kazi za mikono yako, atatokea mtu, tena mwenye nia njema, akuambie, "Hivi kwa nini usiuze?" Mwenye uhitaji auze, na asione haya kudai bei ya haki, kwa sababu saa za mkono ni nyingi kuliko mnunuzi anavyodhani. Lakini wewe kiinua mgongo chako unacho, na umeniandikia mwenyewe kwamba umechoka kuamriwa. Oda moja tu, na umerudi: kuna tarehe, kuna kipimo, kuna mtu anapiga simu jioni kuuliza umefika wapi. Hata zawadi nimejifunza kutoiahidi. Nikishamaliza kitu ndipo natazama ni nani kinamfaa, na mara nyingine jibu ni mimi mwenyewe.

Kwa hiyo hiyo ratiba yako ichane, au ukishindwa kuichana, iandike kwa penseli. Anza na kimoja. Kwa ninavyokujua, wewe ni mtu wa udongo zaidi ya sindano, na mche wa rozimari niliokukatia utakufaa kuanzia. Ukitoa mizizi, uhamishie kwenye chungu chenye tundu chini na mchanganyiko wenye mchanga mwingi, na usiulemeze kwa maji, rozimari huuawa na huruma kuliko ukame.

Na nguo zako za kazini usizigawe kabla hujanikatia vipande. Nataka vya pamba tupu, si zile zinazoteleza, na nusu mita ya lile la zambarau itanitosha kabisa. Ukibana mkono nitajua, kwa maana gauni lile lilikuwa refu.

Wasalimu wote hapo nyumbani. Nangoja barua, na vipande.

Ni mimi shoga yako wa siku zote.