Binti yangu hataki shule, sababu kampa shangazi yake

Anti, pole na majukumu. Nakuandikia saa tisa hii ya usiku, saa kumi naanza kukanda unga wa chapati, kwa hiyo nikichanganya mambo nivumilie. Usingizi hauji kabisa.

Huyu wangu wa pili yuko kidato cha tatu. Tangu shule zifunguliwe mwezi wa saba hataki kwenda. Na si mtoro wa kujificha kwenye mabanda ya video, bora angekuwa mtoro ningejua pa kumtafuta. Huyu anaamka, anaoga, anavaa sare mpaka tai, halafu anakaa kitandani na begi mapajani. Ukimwambia toka, gari zinajaa, machozi yanamtoka. Ukimuuliza kuna nini, "sijisikii tu mama". Ikifika saa mbili anavua, anaikunja sketi vizuri, anakwenda kuosha vyombo. Jumapili usiku anainyoosha tena ile ile sketi. Sasa mtu asiyetaka shule ananyoosha sare ya nini?

Lakini kinachoniuma zaidi ni cha wifi yangu. Alikuja wiki iliyopita, wakaingia chumbani wakafunga mlango. Alipotoka ananiambia, "Wifi, mtoto kaniambia kinachomsumbua, ila kaniapisha nisiseme. Mwache kwanza." Mwache kwanza! Kwenye nyumba yangu, mtoto wa tumbo langu! Yeye mwenyewe hajawahi kulea, ana saluni yake Sinza, anakuja na mafuta ya nywele na chipsi kuku, wanacheka, anaondoka. Mimi ndiye niliyekimbia naye usiku ana degedege. Kwa nini amwambie yeye na si mimi?

Usije ukadhani sikumuuliza. Nimeuliza kwa upole, nimeuliza kwa ukali. Nilimchapa, si sana, hata walimu wanachapa. Nikanunua kipimo cha mimba duka la dawa, nikamsimamia mlangoni mpaka akaleta mkojo kwenye kopo. Hakuna kitu. Tangu siku hiyo ananijibu ndiyo na hapana tu. Lakini Anti, unaijua Mbagala, mzazi gani asingepima? Bodaboda wamejaa pale njia panda, serikali imeweka miaka 30 jela kwa anayempa mwanafunzi mimba na bado hawaogopi. Majirani ndio walioanza kumwangalia tumbo, mimi nilitaka niwe na jibu la kuwapa. Nilipima kwa sababu nampenda.

Shuleni pia nimekwenda. Mwalimu wa darasa akaniambia watoto wa siku hizi tunawadekeza, akanikumbusha kwamba zikifika siku 90 za utoro jina linafutwa. Nikamuuliza kama kuna mtu anamsumbua huko, akasema darasa zima lile atajuaje. Mwalimu wa malezi yuko semina. Nikarudi zangu.

Kitu hajakosa. Watu wanasema elimu bila malipo, ni kweli ada imefutwa tangu 2016, lakini chakula cha mchana, tuisheni, karatasi za mitihani, vyote nalipa mimi, na kingine nimekopa kikoba. Hadaiwi. Na akili anayo, mtihani wa kidato cha pili alipata daraja la pili. Ndiyo maana jirani akiniambia nimpeleke VETA akajifunze kushona, naona kama ananitukana, ingawa juzi nilijikuta nauliza fomu zinatolewa lini.

Nimewaza labda ni daladala. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, konda gani atamtaka mwanafunzi? Wanasukumwa mlangoni, wanatukanwa, wanasimamishwa wamebanana na wanaume. Mwaka jana aliwahi kuniambia kuna konda anawaambia maneno machafu na mikono yake haitulii, nikamwambia asipande hilo, gari ziko nyingi. Hakulitaja tena, kwa hiyo nadhani liliisha. Ungekuwa wewe ungemwambia nini, na chapati ziko kwenye moto? Kwa hiyo hawezi kusema mimi huwa simsikilizi.

Baba yao ni dereva wa malori ya Kongo, sasa hivi yuko kwenye foleni Tunduma. Akipiga simu anamuuliza, "Shule inaendaje?" Mtoto anajibu, "Nzuri baba." Mimi nakaa kimya. Sijadanganya, mimi sikuulizwa. Namjua mume wangu, akijua hatauliza sababu, atasema nimeshindwa kulea, atamchukua ampeleke kijijini kwa mama yake, na huko ndiyo basi, hakuna shule tena. Sasa wifi anasema nisipomwambia kaka yake, atamwambia yeye. Yaani siri ya mtoto anaweza kuitunza, yangu hawezi.

Halafu kaja na hili lingine, anataka amchukue akae naye Sinza, amtafutie uhamisho huko huko. Shule anayoisema ni ya kutembea kwa miguu, hakuna gari. Nimemwambia simpi. Watu watasema nini, mama yuko hai, mtoto analelewa saluni? Na tuseme ukweli, huyu binti ndiye ananisaidia asubuhi, tangu awe nyumbani chapati zinaisha mapema. Si kwamba nafurahia akae nyumbani, usinielewe vibaya, nataka asome kuliko yeye anavyotaka. Lakini akienda huko, kila kitu atakuwa anamwambia shangazi yake. Mimi nitabaki mama wa kutuma hela ya matumizi.

Wifi anakuja Jumamosi kuchukua jibu. Nimbane aniambie alichoambiwa? Nina haki ya kujua au sina? Au nimwambie baba yao kabla hajaambiwa na dada yake? Na nikimtoa mtoto aende, je, atarudi kwangu, au ndiyo nimeshampoteza? Mwenzio hilo la mwisho ndilo linaloniamsha.

Nimemsikia sasa hivi anakohoa, na yeye hajalala. Ningeingia chumbani kwake lakini ataona naenda kumpekua.

Naomba unijibu kabla ya Jumamosi. Na ukiichapa barua hii toa lile la chapati na la saluni, wifi yangu anakusoma kila wiki, yeye ndiye aliyenionyesha safu yako.

Mama, Mbagala