Watoto wetu wasifanywe wakalimani wa hospitali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme juu ya sisi wakimbizi tunaokaa mjini, maana mtu akisikia mkimbizi wa Uganda anawaza kambi kama Nakivale ama Bidi Bidi tu, kumbe hapa Kampala tuko zaidi ya laki moja, tumejaa Nsambya, Katwe na Rubaga, tunapanga vyumba na tunalipa kodi kama wengine. Chakula cha msaada kinatolewa kambini, ukichagua mji unajitegemea, na hilo tulishalikubali. Mimi nauza vitenge, siombi unga.

Ninachoomba ni mtu wa Kiswahili kwenye ofisi za divisheni, yaani zile sehemu za utawala za jiji, na kwenye vituo vya afya vya serikali.

Majuzi nilikuwa kwenye foleni ya kituo kimoja, mbele yangu mama kutoka Kivu, huko Kongo, hajakaa sana hapa, Luganda hajui na Kiingereza hajui, na musawo, yaani mganga wa zamu, naye Kiswahili hana. Basi mtoto wake wa kike, yuko na yunifomu ya primary, ndo akawekwa katikati atafsiri. Muulize mama damu imetoka siku ngapi. Muulize alilala na mwanaume lini. Mtoto akanyamaza kabisa anaangalia viatu vyake, mama akasema tu mwambie tumbo linauma. Nikashindwa kuvumilia, nikaomba mtoto atoke nje nikatafsiri mimi, na hapo ndo mama akasema kitu chenye kilimleta, na haikuwa tumbo. Simlaumu musawo, foleni ilikuwa mpaka getini na yeye ni mmoja, angefanya nini?

Na si hospitali peke yake. Watoto wetu wanashika Luganda haraka shuleni kwa hiyo wanaburutwa kila mahali, kwa mwenye nyumba, kwa mwenyekiti wa LC, yaani serikali ya mtaa, kwa polisi, siku hiyo darasani hayupo, na anasikia mambo ya wazazi ambayo mtoto hapaswi kusikia.

Uganda imetutendea vizuri na nalisema kwa moyo wote. Sheria ya wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na mtoto wangu anasoma primary kama mtoto wa raia, kuna nchi nyingi hazitoi hivyo. Lakini haki yenyewe utaifuata wapi kama hata dirisha la kuulizia hulijui? Kuandikishwa ukimbizi ni kazi ya OPM, ofisi ya Waziri Mkuu, sawa, ila leseni ya biashara, soko, chanjo, hayo yako kwa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, na divisheni zake, na huko karatasi zote ni Kiingereza. Ndo maana kuna watu wanakula pesa zetu kwa kazi ya kukusindikiza ofisini tu, unalipa leseni na unamlipa na yeye.

Waanze na divisheni za Makindye na Rubaga, mtu mmoja ofisini na mmoja kwenye kituo cha afya, na bango la Kiswahili mlangoni, leseni inalipwa wapi na ni kiasi gani, chanjo ni siku gani. Watu wa kufanya hiyo kazi tunao, kuna manesi na walimu wa Kongo wanauza shanga barabarani kwa sababu diploma zao hazijakubaliwa hapa. Na Kiswahili si lugha ya wageni, kiko kwenye katiba ya Uganda tangu 2005 kama lugha rasmi ya pili, na 2022 baraza la mawaziri lilisema kifundishwe shuleni. Hata ndugu wengi Waganda wa West Nile, kule kaskazini magharibi mwa Uganda, wakija Kampala wangefurahi, maana kwao Kiswahili ni chepesi kuliko Luganda.

Bajeti mpya inaanza Julai. Nawaomba madiwani wa divisheni hizo mbili waweke mshahara wa hao watu wachache humo, na wakati tunasubiri, kila kituo kiandike pale mapokezi namba ya simu ya mtu mzima mmoja anayejua Kiswahili, apigiwe yeye, mtoto abaki shule.

Muuza vitenge,
Nsambya, Kampala