Risala ya wachoraji wa Langoni, Lamu, kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu, walimu, mama zetu na wageni wote, Assalaam alaykum.

Tunashukuru kwa kualikwa ukakubali, na zaidi kwa kufika. La kufika tunalitaja kwa sababu tumewahi kuisomea risala kiti kitupu.

Mheshimiwa, kikundi chetu kilianza na vijana wanne, makaa ya jikoni na ukuta wa jirani ambaye hakuombwa ruhusa. Leo tuko kumi na tisa. Mafanikio ni mengi mno. Tumeuza kazi zetu ng'ambo. Zilikuwa picha mbili na mnunuzi mmoja, lakini ng'ambo ni ng'ambo. Tumechora ufuo wote toka Mkunguni hadi Shela, na majahazi ya Matondoni yakiwa bado mbavu tupu. Turubai la dukani ni ghali, basi manahodha hutupa matanga makuukuu: tunayafua kwa maji matamu yatoke chumvi, tunayawamba kwenye fremu, tunapaka gundi, kisha rangi nyeupe. Ukiruka gundi, mafuta ya rangi hukila kitambaa.

Nyuso ndizo ngumu. Mwanagenzi hukimbilia rangi nyeusi, nasi humwambia aiweke chini. Mzee aliyekaa dakani, baraza ya mlangoni, asubuhi ana hudhurungi shavuni, wekundu sikioni jua linapopenya, na buluu ya mbingu kwenye kipaji cha uso. Wapo wasiopenda sura zao zichorwe, nao tunawaheshimu. Hatumchori mtu bila idhini yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa lililotuleta.

Chumba chetu kiko ghorofani katika nyumba ya kale, mwenyewe katuachia bila kodi, Mungu amzidishie. Ni chembamba, kwani waliokijenga walifuata urefu wa boriti za mikoko, na mchoraji akitaka kuitazama kazi yake kwa mbali hurudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Hilo hatulalamikii. Tunalalamikia dari. Boriti saba zimeoza, chokaa inamwagikia rangi mbichi, na masika yakiingia sufuria za kukingia maji huwa nyingi kuliko stuli. Rangi ya mafuta hukawia kukauka hata kiangazi. Kwenye unyevu ndiyo kabisa, na nyuma ya kitambaa huota kuvu. Masika yaliyopita tulipoteza picha kumi na moja. Moja ilikuwa ya bibi wa mwenzetu, aliyekubali kukaa siku tatu ili achorwe. Sasa ni marehemu, na hatuwezi kumwomba akae tena.

Jambo hili si geni. Mgeni rasmi wa kwanza aliahidi chokaa. Wa pili aliahidi kumkumbusha wa kwanza. Wa tatu alipanda ngazi mwenyewe, akaangalia juu, tone likamdondokea kwenye miwani, akasema hiyo ni kazi ya wiki mbili. Tulimzawadia picha yake, nayo tunasikia imetundikwa ofisini kwake, pakavu. Hatumlaumu mtu. Wiki tu ndizo tunazozihesabu.

Tunaomba korija mbili za boriti, yaani arobaini, chokaa, na ujira wa mafundi wanaoijua kazi ya kale, maana mji huu umo katika urithi wa dunia tangu 2001 na hatuwezi kujiezekea bati tu. Tunaomba pia dirisha la upande wa kusini. Wachoraji wa Ulaya hupenda dirisha la kaskazini kwa kuwa kwao jua halipiti huko. Sisi tuko karibu na ikweta: wakati wa upepo wa kusi, katikati ya mwaka, jua liko kaskazini, huingia ndani moja kwa moja, na kivuli cha pua ya anayechorwa huhama kabla brashi haijakifikia. Tukiwa na madirisha mawili tutafunga moja na kufungua jingine.

Mheshimiwa, desturi yetu ni kumkabidhi mgeni rasmi picha yake risala inapoisha. Yako imefika mabegani. Iko juu chumbani, inakauka polepole kwa sababu tulizokwisha kuzitaja. Tutakukabidhi hukohuko, siku utakapopanda kuiona dari mpya.

Ahsante.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi