Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda: kifungu cha 80 kiko mkononi mwako

Mheshimiwa Waziri, salamu.

Wakenya wakilia bei ya dawa huwa wanaenda kwa Waziri wa Afya, mimi nakuandikia wewe wa Viwanda juu ukisoma Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001 utaona nguvu imewekwa kwako. Kifungu cha 80 kinasema afya ya wananchi ikidai, waziri anaweza kuamuru dawa yenye hataza (patent, yaani haki ya kampuni kuuza dawa yake peke yake) itumiwe na idara ya serikali ama mtu mwingine atakayemteua, na mwenye hataza alipwe fidia ya kutosha. Hakuna mtu amenyang'anywa kitu hapo. Ile haki ya kampuni kuuza peke yake inatoka kwa sheria, na sheria hiyo hiyo ikaachia serikali mlango wake.

Sasa mbona tunauogopa huu mlango?

Brazil waliufungua Mei 2007, Rais Lula akatia sahihi leseni ya lazima, yaani ruhusa ya serikali kutumia dawa bila idhini ya mwenye hataza, kwa dawa ya ukimwi ya efavirenz ya kampuni ya Merck, walikuwa wanauziwa kidonge dola 1.59 wakaleta cha India kwa senti 45 za dola hivi, na Merck ikatengewa mrabaha (malipo ya mwenye hataza) wa asilimia 1.5. Thailand ilikuwa imeanza 2006, Malaysia ikafanya 2017 kwa dawa ya homa ya ini aina ya C. Shirika la Biashara Duniani (WTO) lenyewe lilikubali kwenye mkutano wa Doha Novemba 2001 kwamba kila nchi ina haki ya kutoa leseni ya lazima na kuamua sababu zake yenyewe. Na hapa kwetu, 2004, kampuni ya dawa ya Cosmos ya Nairobi iliomba leseni ya lazima ya dawa za ukimwi, ikaishia GlaxoSmithKline, mwenye hataza, kuwapa leseni kwa hiari. Ombi tu hilo Mheshimiwa, hata amri haikufika.

Nyumbani tuko na shangazi anayetibiwa saratani. Daktari aliandika dawa tukaambiwa inauzwa na kampuni moja tu, jeneriki (dawa ile ile ya bei nafuu kutoka kampuni nyingine) hakuna. Tukafungua grupu la mchango WhatsApp, dozi ya kwanza ikapatikana, ya pili tukarudi kwa watu wale wale, na yeye anasoma kila kitu kwa simu yake, anajua nani ametuma mia mbili na nani ametoka kwa grupu. Hiyo aibu haifai kuwa sehemu ya matibabu ya mtu.

Najua utaambiwa wawekezaji watakimbia. Lakini 2012 Jaji Mumbi Ngugi alipoamua kesi ya wagonjwa wa ukimwi dhidi ya ile sheria ya bidhaa bandia ya 2008, waliyohofia ingezuia jeneriki, alitanguliza haki ya uhai na afya mbele ya haki za wenye hataza, na Katiba kifungu cha 43 bado kiko pale pale.

Ninachoomba ni hiki. Kaa na mwenzako wa Afya na KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa, mtoe orodha ya dawa zenye hataza ambazo hospitali zetu za umma zinashindwa kununua, saratani ikiwa ya kwanza. Sheria inataka ombi liletwe kwako, basi waambie walilete, na utangaze litajibiwa kwa siku ngapi. Kampuni ikikataa kushusha bei, tia sahihi.

Tunangoja jibu lako hadharani.

Mpwa wa mgonjwa, Nakuru