Tungule za Omari

Malindi

Mwanangu Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mamako anakusalimu sana.

Tangu mlipoondoka baada ya Idd nina jambo limenikaa moyoni. Omari alikataa samaki mpaka atiliwe sosi ya chupa, kisha akalamba sahani. Sikusema kitu mbele ya wageni. Mlipopanda basi niliichukua ile chupa nikaisoma: baada ya tungule, kinachofuata ni sukari. Kijiko kimoja cha mezani cha sosi kama hiyo huwa na karibu gramu 4 za sukari, yaani kijiko kizima cha chai. Omari alitiliwa vitano, naye ana miaka minne.

Basi nakuandikia ile niliyoipika miaka yote jikoni kwa Wataliana. (Hao wako nasi tangu enzi za kituo chao cha kurushia roketi, San Marco, kule Ngomeni, miaka ya 1960, na kwa tungule sijaona wa kuwashinda.)

Kazi yote iko sokoni. Ziache zile ngumu zinazong'aa. Chukua za umbo la yai, zina nyama nyingi na maji machache, ziwe zimeiva hata ukibonyeza karibu na kikonyo kidole kinazama kidogo. Jioni wauzaji huzipunguza bei kwa kuwa hazitalala. Hizo ndizo zako. Yenye ukungu itupe nzima, usiikate upande. Tungule iliyoiva hivyo haidai sukari. Ukiona bado ina ukali, karoti moja iliyoparwa yatosha.

Kilo 2 zitie kwenye maji yanayochemka nusu dakika, kisha kwenye maji baridi, ganda litatoka lenyewe. Katakata. Vitunguu viwili vilainishe kwa vijiko vitatu vya mafuta, moto mdogo, visigeuke rangi. Thomu punje tatu zije mwisho, kwani zikiungua sosi yote huwa chungu. Mimina tungule na chumvi kidogo, usifunike.

Hapo ndipo watu hukosa subira, wakakimbilia unga wa kuipa uzito. Ngoja saa nzima. Mwanzo itaruka na kutoa povu, ni maji yanaondoka. Baadaye mlio hubadilika, inachemka kwa uzito, pwa, kisha kimya, kisha pwa. Pitisha mwiko chini ya sufuria: njia ikibaki wazi kabla ya kuzibika, epua. Pembeni utaona mafuta yamekuwa mekundu. Ule wekundu, laikopini, huyeyuka kwenye mafuta, na mwili huupokea vizuri zaidi tungule ikipikwa hivyo kuliko ikiliwa mbichi.

Ukishaepua tia majani ya rihani. Mamako aligomba mara ya kwanza, akasema rihani ni ya kikuba na asumini, haina kazi jikoni. Alipoonja akaomba mkate.

Sufuria iwe ya stili. Nilipoanza kazi niliilaza sosi usiku kucha kwenye ya alumini; ukali wa tungule hula alumini, asubuhi yote ilikuwa na ladha ya chuma, ikamwagwa. Ikipoa itie friji, imalizeni ndani ya siku nne, au igandishe kwenye vikopo vidogo. Usije ukaifunga kwenye chupa ukaiweka kabatini, hasa yenye thomu na mafuta: inaweza kufanya sumu isiyo na harufu wala ladha.

Kuchambua rihani mwachie Omari, mtoto hula alichokishika. Nimempandia mche kwenye kopo la maziwa, nimempa dereva wa basi la Ijumaa usiku. Kaupokee asubuhi mapema, na uumwagilie kabla jua halijapanda.

Babako